Lumbesa ya Maneno

Ngumi ya kwanza ilimpata mpakiaji mmoja mdomoni, na jino lake likaangukia ndani ya tenga la nyanya. Kabla mwenye tenga hajapaza sauti, gulio la Lushoto lilikuwa limekwisha kufanya duara. Wapakiaji wawili walikuwa wamegombea kupakia lori moja. Sasa walishikana makoo, wakiangusha mafungu ya pichesi na kukanyaga kabichi kana kwamba kabichi nazo zilikuwa zimewakosea.

Sharifa alikuwa ameteremka kutoka Mlola na karoti za mama yake. Alivaa baibui jeusi lenye tarizi ya fedha mikononi, hijabu nyeupe iliyopigwa pasi, na raba safi ambazo mtu mwenye akili hazivai katika matope ya gulioni. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, akisomea ualimu wa lugha, na alikuwa na imani ya vijana wasomi kwamba ugomvi wowote ukielezwa vizuri utakwisha. Akapiga hatua mbele ili aeleze.

Mmoja wa wapakiaji aliinua jiwe la mizani, chuma kizito, akalirusha.

"Dada, chini!"

Mkono ulimvuta bega kwa nguvu. Hijabu ikachanika, magoti yakazama matopeni, na chuma kile kikapita juu yake na kuvunja taa ya lori. Alipoinua uso alimwona kijana mwembamba, shati la buluu lililokunjwa hadi kwenye viwiko, sindano kubwa ya kushonea magunia, ile iitwayo shazia, imechomekwa ukosini kama kalamu.

"Umenichania nguo," alisema Sharifa.

"Bora nguo kuliko fuvu. Pole extremely."

"Pole nini?"

"Extremely. Ni Kiingereza."

"Najua ni Kiingereza. Najua pia kwamba hakuna binadamu asemaye hivyo."

"Mimi ni binadamu, na nimesema."

Sharifa alitaka kukasirika. Damu ya watu wawili ilikuwa inatiririka hatua chache kutoka pale, mgambo walikuwa wanakuja na virungu, naye akajikuta anacheka.

Kijana huyo aliitwa Jafari. Kazi yake ilikuwa kushona magunia ya Alen, mfanyabiashara aliyesafirisha mboga kutoka milimani kwenda Dar es Salaam. Na magunia ya Alen hayakuwa magunia ya kawaida. Yalijazwa hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo pakaongezwa kilemba kingine cha karoti, kikafunikwa kwa wavu na kushonwa kwa kamba, hata gunia likawa na kichwa na mabega kama mtu aliyeketi. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima alilipwa gunia moja. Kile kichwa kilikwenda bure. Sheria iliikataza, na kila siku ya gulio ilishonwa mchana kweupe.

"Neno lako ulilipata wapi?" Sharifa aliuliza baadaye, walipokuwa wameketi juu ya ukuta wa mawe kando ya soko, yeye akifuta matope, Jafari akimmenyea peasi.

"Kuna mgeni mmoja, mama wa Kizungu, nilimbebea mkoba hadi Irente, kule wageni wanakopanda kutazama bonde. Njia nzima ni hilo tu. Mlima ni extremely, njaa ni extremely, hata inzi aliyemwingia jichoni alikuwa extremely. Nikasema, hili ndilo neno lao kubwa. Nikilijua hili, nimemaliza. Mimi nataka kuwa mwongoza wageni, dada. Sitaki kufa nimeshika shazia."

"Neno moja halikufikishi popote."

"Basi nifundishe hilo moja, nikuone kama ni mwalimu kweli."

Hapo Sharifa alisahau matope yake. Kufundisha kulikuwa udhaifu wake.

"Ndani ya neno hilo kuna ukingo," alisema. "Mtu ana njaa: ana njaa. Ana njaa sana: anatafuta sahani. Ukiweka neno lako hilo, amefika kwenye ukingo wa mwamba, akiongeza hatua hayupo. Na halitembei peke yake. Linatangulia sifa, kama askari anayetangulia msafara. Husemi pole extremely, wala humpendi mtu extremely. Na husemi kitu kimekufa extremely. Kufa hakuna daraja."

Jafari alitafuna peasi polepole. "Kwa hiyo kazi yake ni kuongeza juu ya kile kilichojaa tayari."

"Ndiyo."

"Kumbe ni lumbesa! Lumbesa ya maneno."

Sharifa alimtazama kwa mara ya kwanza bila kumwonea huruma wala kumcheka. "Ndiyo," alisema. "Na kama lumbesa, ni dhuluma. Mtu anayesikiliza anabeba uzito ambao wewe hukuulipia."

"Mwalimu, wewe ni mkali."

"Kiasi."

"Kiasi tu?"

"Kiasi kinatosha."

Walipeana namba za simu. Wiki zilizofuata, likizo ya Sharifa ikawa fupi kuliko likizo zote alizowahi kupata. Kila alfajiri, kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni, simu yake ilitetemeka chini ya mto.

"Haloo, mwalimu wangu."

"Haloo, mwanafunzi mtoro."

"Umeamkaje, laazizi?"

"Vizuri."

"Vizuri tu? Hata sana hamna?"

"Sana naitunza."

"Unamtunzia nani?"

"Kuna mshonaji mmoja wa magunia. Akiwa na adabu, siku moja nitampa."

"Nina adabu ext—"

"Jafari!"

"Nina adabu. Nukta."

Ndivyo walivyopendana, kwa kupunguziana maneno. Siku Jafari aliposema "Nakupenda" na kukomea hapo, bila kilemba, bila wavu juu, Sharifa alikuwa amesimama katikati ya matuta ya karoti, simu sikioni. Akachuchumaa ghafla, mkono kinywani, hata mama yake akadhani ameumwa na nyoka.

Lakini moyo wa Sharifa ulikuwa na vyumba viwili, na katika chumba cha pili walikaa wakulima. Alimwona mama yake akirudi kutoka gulioni, akiwa ameuza vichwa vya magunia bure. Pamoja na kaka yake Abubakari, kijana wa mzaha mwingi na misuli mingi, alipita nyumba kwa nyumba Mlola akisema: gulio lijalo, gunia liishie mdomoni. Wakulima wakakubali. Wengine waliweka mapanga mapya chini ya karoti, kwa tahadhari.

Usiku wa kuamkia gulio hilo, simu haikuwa na utani.

"Kesho utashona au hutashona?" Sharifa aliuliza.

"Shari, nikikataa mimi, atashona mwingine."

"Basi mwingine ashone. Mimi sitaki kupenda mkono unaomwibia mama yangu."

"Mkono huu ulikuvuta usife."

"Ndiyo maana nauliza. Ungekuwa mkono mwingine nisingepiga simu."

Alisikia pumzi yake, ndefu, yenye kukwaruza. "Nitamrudishia Alen shazia yake asubuhi," Jafari alisema. "Lakini mwambie kaka yako asije na panga. Wale wapakiaji si watu wa kuelezwa."

Sharifa alimwambia. Abubakari alicheka, akaliacha panga nyumbani, akaenda na kifua chake.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeichapa Lushoto tangu alfajiri. Maji mekundu yalishuka kwa kasi barabarani na kubeba majani ya kabichi. Abubakari alisimama mbele ya lori la Alen, akashika gunia la kwanza lililokuwa tayari na kichwa, akaukata wavu kwa kisu cha kumenyea. Karoti zikamwagika miguuni mwa wapakiaji.

"Gunia liishie mdomoni!" alisema.

"Wewe ndiye utakayeishia mdomoni," mpakiaji mmoja akajibu, na rungu likashuka.

Sauti ya pigo ilikuwa kama ya nazi inayopigwa kwenye jiwe. Abubakari alianguka bila kuinua mkono. Mpakiaji wa pili akanyanyua ubao wa lori, wenye misumari, juu ya kichwa kile kilichokwisha kupasuka. Wakulima wakaja mbio. Wapakiaji wakawapokea kwa minyororo. Mzee mmoja aling'atwa sikio. Mwanamke alimpiga mtu usoni kwa jiwe la kilo mbili, naye akapigwa teke la tumbo akakaa matopeni kama mtoto. Pale katikati, Jafari, aliyekuwa amekuja kumrudishia bosi wake sindano, alijitupa juu ya Abubakari, akamfunika kwa mwili wake. Ubao ulimpata yeye mgongoni. Hakuondoka.

Sharifa alikuwa mbali, kwenye ngazi za duka, alikokuwa anawapanga wanawake wa Mlola. Kupitia mvua aliona mambo matatu: kaka yake chini, Jafari juu yake, na shazia mkononi mwa Jafari ikiwa nyekundu kwa damu iliyotoka kichwani mwa Abubakari. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe.

"Jafari amemchoma kaka yangu!" alipiga ukelele. "Amemuua! Amemuua kabisa!"

Lile neno *kabisa* halikuwa na kazi yoyote pale. Aliyeuawa ameuawa. Yeye mwenyewe alikuwa amelifundisha hilo juu ya ukuta wa mawe. Lakini ndilo lililofanya kazi yote. Wauza ndizi waliacha ndizi. Vijana wa bodaboda walishuka na minyororo ya pikipiki. Rajabu, mchinjaji, mtu aliyejulikana kwa upole na kwa kuwaongezea wajane kipande cha mfupa, alitoka bandani na mpini wa shoka.

Walimtoa Jafari juu ya Abubakari kwa kumvuta miguu. Alisema neno moja, "Subirini," na mpini wa shoka ukalivunja taya lililokuwa linalisema. Kisha hakuna aliyemtambua tena kama mtu. Walimpiga kama wanavyotwanga, kwa zamu, wakipeana nafasi. Aliyekosa fimbo alitumia kisigino. Mtu alipaza sauti tairi liletwe. Tairi likaletwa. Shati la buluu lilikuwa jekundu, halafu la kahawia, halafu halikuwepo.

Mgambo walifika kabla ya kiberiti.

*

Hospitalini, Abubakari alifumbua macho kichwa kikiwa kimefungwa bandeji kubwa kama kilemba cha shehe.

"Mdogo wangu," alimwambia Sharifa kwa sauti kavu, "yule aliyenilalia yu hai?"

"Aliyekuchoma?"

"Nani alinichoma? Nilipigwa rungu. Halafu mtu akanilalia. Nilimsikia anapigwa juu yangu, ubao unampasua mgongo, naye ananiambia sikioni, tulia shemeji, tulia." Alijaribu kutabasamu. "Nikasema kimoyomoyo, huyu naye, ananiita shemeji hajaleta hata kuku."

Sharifa hakucheka. Alisimama, akashika ukuta, akatembea kando ya ukuta ule hadi wodi ya pili. Jafari alikuwa kitanda cha mwisho. Taya limefungwa, jicho moja limezibwa na uvimbe, mikono imelazwa juu ya shuka kama vitu vilivyookotwa.

"Jafari," alisema. "Jafari, mpenzi wangu, nisamehe, nilidhani—"

Mwili mzima wa mgonjwa ulijikunja. Magoti yalipanda kifuani, viganja vikafunika kichwa. Nesi, mama mtu mzima aliyeitwa Modesta, alimshika Sharifa kiwiko na kumtoa nje.

"Mwanangu, nenda. Sisi tukimsemesha anatulia. Akisikia sauti yako anajikinga."

"Mimi ndiye nimpendaye, mama."

"Sikatai. Lakini mwili wake haujui hilo. Mwili wake unajua kilichofuata ulipolipigia ukelele jina lake."

Jafari alipopata nafuu kidogo, ndugu zake walimteremsha kwa shangazi yake huko Magoma, chini ya mlima. Haikuwa kwa ajili ya mapumziko tu. Mjini Lushoto hadithi ilikwisha kuganda: Jafari, mtu wa Alen, alimchoma mkulima kwa shazia. Kwamba mkulima alikuwa hai na kichwa chake hakikuwa na tundu la sindano halikumbadilisha mtu. Vijana wa bodaboda walisema wazi kwamba akionekana tena watamalizia kazi. Mtu aliyekuwa akitaka kuwaongoza wageni katika milima ile hakuweza hata kuipanda. Sharifa alipiga simu. Iliita, ikakatika. Alipiga tena. Ikazimwa.

"Nitakwenda kusema," alimwambia kaka yake.

"Gulioni? Wale waliompiga ndio watakaokusikiliza."

"Ndiyo maana."

"Basi ngoja nipone nikusindikize."

"Uliposindikizwa na kifua chako tuliona. Baki."

Siku ya gulio alivaa gauni la kitenge la kijani, la kawaida, na mtandio mweusi wa mama yake. Alipanda juu ya jukwaa la saruji la wauza mahindi. Hakupaza sauti. Aliyekuwa mbali alilazimika kusogea, na aliyesogea alilazimika kunyamaza.

"Mimi ndiye niliyepiga ukelele siku ile," alisema. "Nilisema Jafari amemchoma kaka yangu. Sikuona akimchoma. Nilisema amemuua. Kaka yangu yuko nyumbani, anakula. Nilikuwa mbali, kulikuwa na mvua, niliona mkono na sindano. Basi. Jafari alikuwa amemlalia kaka yangu ili asiuawe. Alikuwa amekuja kuacha kazi."

Mtu alirusha nyanya iliyooza, ikampasukia kifuani. Rajabu mchinjaji alipenya umati, macho yamemtoka, aproni ina damu ya ng'ombe wa asubuhi ile.

"Binti, unajua unachosema? Unatuambia tulimvunja mtoto wa watu bure?"

"Ndiyo, baba. Bure."

"Wewe ndiye uliyesema!"

"Mimi ndiye niliyesema. Ninyi ndio mliopiga."

Kofi lilimpata kabla hajaliona. Alidondoka kwa goti moja kwenye saruji, ladha ya chuma ikajaa kinywani. Aliinuka. Rajabu alikuwa ameutazama mkono wake mwenyewe kama kitu kigeni.

"Bure," Sharifa alirudia, kwa sauti ileile, damu ikimtoka mdomoni. "Mimi nitakwenda kuandikisha maelezo yangu kituoni sasa hivi. Anayetaka kunipiga tena anipige njiani, sitakimbia. Anayetaka kuandikisha yake, tufuatane."

Hakugeuka kuona nani anafuata. Alisikia hatua za mtu mmoja, nzito, za viatu vya mpira vya mchinjaji. Kisha hatua nyingine.

*

Magoma kulikuwa na joto la kupasua midomo. Katika ua wa shangazi Hadija, chini ya kivuli cha banda la kukaushia mahindi, Jafari aliketi kwenye benchi akipukuchua, shavu moja kubwa kuliko jingine. Aliposikia lango akaacha mikono palepale.

Abubakari ndiye aliyetangulia kuingia, amevaa kanzu na koti, kovu jipya linang'aa chini ya kofia. Sharifa alifuata nyuma yake.

"Onga mshi," shangazi Hadija aliwasalimu kwa Kishambaa cha mchana, bila tabasamu.

"Shikamoo, shangazi," walisema wote wawili.

"Marahaba. Semeni shida yenu, kisha mpande gari mrudi kwenye baridi yenu."

Abubakari akakohoa kama mzee. "Shangazi, mimi ni mshenga. Nimetumwa kuposa."

"Kumposa nani? Mimi sina binti."

"Kumposa Jafari."

"Ametumwa na nani mshenga huyu?"

"Na huyu hapa, dada yangu."

Shangazi aliweka ungo chini. "Astaghfirullah. Tangu lini mwali akaleta mshenga wake mwenyewe mkononi? Na mshenga mwenyewe ni kaka wa mwali! Huko juu baridi imewagandisha akili?"

"Shangazi, adabu ilidai posa iletwe na mtu mwenye sababu ya kuchukia," Abubakari alisema. "Mimi ndiye niliyesemwa nimeuawa. Maiti akija kuposa, si uongo umekwisha?"

Jafari alikuwa hajamwondolea Sharifa macho. Alisema polepole, taya likisita kwenye kila silabi.

"Nilisikia ulichosema gulioni."

"Nilisema nilichokiona," Sharifa alijibu, chinichini.

"Kilikuwa kingi?"

"Kidogo. Kidogo kuliko nilivyopiga kelele."

"Walikupiga?"

"Mmoja. Yeye ndiye wa kwanza aliyeandikisha. Anataka kuja kukuomba radhi. Nimemwambia angoje uulizwe."

Jafari alipukuchua punje chache, zikaanguka chini badala ya kwenye beseni. "Sharifa, sina chuki. Nimeitafuta, sina. Lakini sauti yako ikipanda, mwili unakimbia kabla yangu. Nitaoa vipi mtu ninayemkimbia?"

"Sijui," alisema Sharifa. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno mazuri, yaliyopangwa, na yote yalimkimbia. "Sina dawa. Mimi ni mtu wa kupiga kelele. Nitajizuia na siku nyingine nitashindwa. Ukisema hapana nitarudi Mlola, na bado utaweza kupanda mlima, hakuna atakayekugusa. Sikuja kukudai."

"Maposo gani haya ya kumkatisha mtu tamaa?" shangazi alifoka. "Hata kusifia hujui!"

"Shangazi, mimi nimekubali," Jafari alisema.

"Hujaulizwa! Anayeulizwa ni mimi!"

Jafari akacheka. Kicheko kilimshika taya, kikageuka maumivu. Akainama, mkono shavuni, macho yakijaa maji. Sharifa alipiga hatua bila kufikiri, kiganja kimeinuliwa kumshika. Jafari akajikunja, kiwiko juu, kama mtu aliyeona fimbo.

Sharifa alisimama. Mkono wake ulibaki hewani, haukwenda mbele wala haukurudi.

Kuku walipekua makapi. Jafari alishusha kiwiko, kwanza kidogo, kisha chote. Alifumba macho, akavuta pumzi, na yeye mwenyewe akalisogeza lile shavu lililovimba, taratibu, hadi likakikuta kiganja.

"Abubakari," shangazi alisema kwa sauti ndogo, akimshika mshenga mkono wa koti na kumwelekeza ndani. "Njoo tukae tuizungumze posa yako. Haya ni mambo ya wazee."